Jibu Lililotangulia Swali: Historia Fupi ya Mahojiano ya Kujitangaza

Mwaka jana, siku tisa kabla ya maadhimisho ya taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja jina, niliombwa kusaidia kutayarisha video ya dakika sita. Ombi lenyewe lilikuwa jepesi masikioni: watafutwe wanufaika wa miradi ya taasisi hiyo, wahojiwe, maneno yao yaunganishwe kwa picha safi na muziki mwanana, kisha video ioneshwe mbele ya mgeni rasmi. Mimi si mtengenezaji wa filamu. Ni mwalimu wa historia. Niliitwa kwa sababu wenye shughuli walitaka maelezo "yenye mizizi", na kwa sababu ninao wanafunzi wawili wanaoijua kamera na uhariri kuliko wengi wanaojitangaza kuwa mafundi.

Barua ya kazi iliambatana na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ratiba. Ya pili ilikuwa na majina ya watu 12, na mbele ya kila jina paliandikwa jambo ambalo mtu huyo angelisema. Maswali hayakuwamo. Nilipouliza, nilijibiwa kwa upole kwamba maswali ningeyatunga mwenyewe, ilimradi majibu yawe hayo.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Nilikumbuka kwamba kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi habari ya majibu yaliyorekodiwa kabla ya maswali yake, nikiifundisha kama kituko cha nchi za mbali. Sasa kituko kilikuwa kimebisha hodi kwangu. Nakusudia kusimulia historia hiyo kwa ufupi, kisha nirudi kwenye siku zangu tisa, kwa sababu kila ofisi nchini leo ina video yake ya mafanikio, na kila video ya namna hiyo ina mwananchi anayeshukuru. Ni haki yetu kujua shukrani hizo hutengenezwaje.

Panya wa Stepney

Desturi ya kumweka mtu wa kawaida mbele ya kamera ili aseme kwa kinywa chake, kwa gharama za taasisi yenye jambo lake la kuuza, si ya jana. Mfano mmoja wa mapema na maarufu ulitoka London mwaka 1935. Filamu hiyo iliitwa Housing Problems, yaani matatizo ya makazi. Iliongozwa na Arthur Elton na Edgar Anstey, ikachukua takribani robo saa, na ikalipiwa na British Commercial Gas Association, chama cha biashara ya gesi.

Wafanyabiashara wa gesi walitafuta nini katika vibanda vya maskini? Jibu limo katika sera na soko la wakati ule. Sheria ya Makazi ya Uingereza ya mwaka 1930 ilikuwa imezipa halmashauri uwezo na ruzuku ya kubomoa mitaa mibovu na kujenga nyumba mpya. Kila nyumba mpya ingehitaji jiko na maji ya moto, na gesi ilikuwa ikishindana na umeme kuingia katika nyumba hizo. Aliyesaidia umma kuchoshwa na vibanda alijisaidia pia kupata wateja.

Hata hivyo, watengenezaji hawakuanza kwa kusifu gesi. Walibeba mitambo mizito ya sauti hadi Stepney, mashariki mwa London, wakaiingiza katika vyumba ambamo watu walikuwa wakiishi. Wakazi wenyewe wakazungumza: kuta zenye nyufa, ngazi zilizopinda, maji yaliyopatikana kwa taabu, wadudu wasiokwisha. Mama mmoja anasimulia habari ya panya kwa namna ambayo hakuna mtunga hotuba angeweza kuibuni. Ruby Grierson, dada yake John Grierson aliyekuwa kiongozi wa harakati za filamu za hali halisi nchini humo, alifanya kazi ya kuwatuliza wakazi wale. Inasimuliwa kwamba aliwaambia kamera ni yao na maikrofoni ni yao, waseme wapendavyo.

Hapo tuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba katika filamu ile muulizaji haonekani wala hasikiki. Mkazi anasimama, anatutazama, anaeleza. Swali limeondolewa, na mtazamaji hupata hisia kwamba mtu huyu amejisemea tu, pasipo kuulizwa na yeyote. La pili ni kwamba wakazi wa vibanda waliruhusiwa kueleza tatizo, si kulijadili suluhisho. Suluhisho lilielezwa hasa na wataalamu kwa mifano ya majengo, ukiwamo mfano wa magorofa ya Quarry Hill mjini Leeds. Magorofa hayo yalijengwa kweli, na kwa muda yalikuwa fahari ya mji. Mwaka 1978 yalibomolewa kwa sababu ya kasoro za ujenzi. Hakuna ajuaye wakazi wa Stepney wangesema nini kuyahusu, maana hawakuulizwa.

Mwaka huohuo, huku kwetu

Wakati Stepney ikizungumza, kulikuwa na kamera nyingine milimani Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, Tanganyika, ukatengeneza filamu 35 kwa ajili ya watazamaji wa Kiafrika. Uliongozwa na L. A. Notcutt, aliyekuwa meneja wa mashamba ya mkonge, pamoja na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. Filamu zilihusu kilimo, afya, akiba na kodi, na zilizungushwa kwa gari katika Tanganyika na nchi za jirani.

Zingatia tofauti. Maskini wa London, pamoja na mipaka yote niliyoitaja, alisikika kwa sauti yake. Mwafrika wa Vugiri alionekana akilima, akitembea, akicheka, lakini filamu zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Picha ilikuwa yetu na maneno yakawa ya wenye mradi. Kwa hiyo tunapojivunia leo kwamba video zetu zinampa mwananchi nafasi ya kusema, tunajivunia jambo la maana. Babu zetu walinyimwa nafasi hiyo. Ndiyo sababu inauma zaidi tunapompa mtu maikrofoni na kumpa pia la kusema.

Siku moja mjini New York

Sasa nifike kwenye kituko chenyewe. Mwaka 1952 Jenerali Dwight Eisenhower aligombea urais wa Marekani kwa tiketi ya chama cha Republican. Televisheni ilikuwa imeingia katika takribani theluthi moja ya nyumba za nchi hiyo. Rosser Reeves, mtaalamu wa matangazo kutoka kampuni ya Ted Bates, alikuwa na hoja nyepesi: mtu hakumbuki hotuba ndefu, hukumbuka jambo moja lililorudiwa. Alikuwa ameitumia hoja hiyo kuuza dawa ya maumivu ya kichwa. Akashauri itumike kumuuza Jenerali.

Likapangwa tangazo la sekunde 20: mwananchi anauliza, Eisenhower anajibu. Mambo yalichaguliwa machache, hasa gharama za maisha, ufisadi serikalini na vita vya Korea. Tatizo lilikuwa muda. Uchaguzi ulikuwa tarehe 4 Novemba, na mgombea alikuwa akizunguka nchi nzima. Aliweza kutoa siku moja tu. Basi mwezi Septemba aliingizwa studio mjini New York, akavuliwa miwani, akawekewa kadi zenye maandishi makubwa, na katika siku hiyo moja akarekodi takribani majibu 40. Inasimuliwa kwamba katikati ya kazi alinung'unika kuona askari mzee kama yeye amefikia hali ile.

Majibu yakawa tayari, lakini waulizaji hawakuwapo. Ndipo wakatafutwa. Wahusika walikwenda Radio City Music Hall, ukumbi wa maonesho unaotembelewa na wageni kutoka kila jimbo, wakachagua watu wenye sura na lafudhi za mikoa mbalimbali, wakawapa maswali ya kusoma. Mhariri akakata na kuunga. Mtazamaji nyumbani akamwona mwananchi akiinua uso na kuuliza, kisha akamwona Jenerali akimjibu. Hawakuwa wamekutana kamwe. Matangazo hayo yaliitwa Eisenhower Answers America, yaani Eisenhower aijibu Marekani. Ukweli ni kwamba Marekani ndiyo iliyomjibu Eisenhower: yeye alisema kwanza, wao wakatafutiwa la kuuliza.

Sitaki kukuza mambo. Eisenhower alikuwa shujaa wa vita, na wengi wa waliochunguza uchaguzi ule hawaamini kwamba matangazo ndiyo yaliyompa ushindi wa kura 442 za wajumbe dhidi ya 89 za Adlai Stevenson. Wala majibu yale hayakuwa lazima ya uongo. Watu walikuwa wamechoshwa kweli na bei, na walitaka kweli vita vya Korea viishe. Mapigano yalisimamishwa Julai 1953. Stevenson, aliyependelea hotuba za nusu saa, alilalamika miaka minne baadaye kwamba wagombea wanauzwa kama chakula cha asubuhi cha kwenye maboksi, ingawa kampeni yake nayo ilikuwa imetengeneza matangazo mafupi.

Kilichobadilika siku ile ni mpangilio. Tangu hapo ikajulikana kwamba mahojiano yanaweza kutengenezwa kuanzia mwisho, na kwamba muda mfupi ni sababu tosha ya kufanya hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua kumdhulumu mwananchi haki ya kuuliza. Walikuwa na siku moja, na kwa siku moja jibu ni rahisi kupanga kuliko swali.

Siku zangu tisa

Nirudi nyumbani. Siku mbili za kwanza tulizitumia kusoma nyaraka na kupiga simu. Siku ya tatu hadi ya tano tulirekodi. Kati ya watu 12 tuliwapata tisa, na tukakusanya takribani saa tano za mazungumzo. Siku ya sita wanafunzi wangu waliandika kwenye daftari kila kilichosemwa, pamoja na dakika kilipotamkwa. Kazi ya kuchosha, lakini asiyeifanya atapotea ndani ya saa tano hizo. Siku ya saba na ya nane tulihariri. Siku ya tisa ilikuwa ya kurekebisha sauti na rangi, na kukabidhi.

Ipo mbinu ambayo kila afanyaye kazi hii anaijua. Kwa kuwa sauti ya muulizaji itaondolewa, mhojiwa huombwa alirudie swali ndani ya jibu lake. Ukimuuliza "Mradi umekusaidia nini?" humwachi ajibu "Kupunguza mwendo", unamwomba aseme "Mradi umenisaidia kupunguza mwendo." Ni mbinu halali, na bila hiyo maneno hayaeleweki. Lakini ndiyo ileile ya Stepney: swali linamezwa, na pamoja nalo anamezwa aliyeuliza, aliyelipa na aliyetaka kusikia.

Siku ya nne tulifika kijijini kwa mama mmoja muuza vitumbua. Karatasi yangu ilisema angeeleza jinsi bomba lilivyompunguzia mwendo wa kisimani. Tulimkuta amevaa kanga mpya, maana alikuwa ameambiwa anakuja kupigwa picha. Tuliamkiana, tukakaa, nikauliza. Alisema, bila kuvuta pumzi katikati, kwamba anashukuru kwa bomba, kwamba zamani alikuwa akitoka usiku kwenda kisimani, na kwamba sasa maji hutoka Jumanne na Ijumaa tu, siku nyingine anarudi kisimani kulekule, na kamati yao imeandika barua mara mbili haijajibiwa.

Jibu lile lilikuwa zuri kuliko yote tuliyoyapata. Lilikuwa na shukrani, lilikuwa na kumbukumbu, na lilikuwa na dai. Tuliliweka zima katika rasimu ya kwanza. Siku ya nane ofisa aliyekuja kuikagua alilitazama, akanyamaza, kisha akaomba lile la Jumanne na Ijumaa liondolewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebanwa: mgeni rasmi alikuwa anakuja keshokutwa, na hakuna aliyetaka kuwa ndiye aliyeipitisha sentensi ile. Nilipinga kidogo, kisha nikakubali. Tulikata baada ya neno "kisimani", na kwa kuwa mkato ulionekana, tukaufunika kwa picha ya maji yakitiririka ndooni. Picha hiyo tuliipiga palepale kijijini. Ilikuwa Jumanne.

Mkono uliobonyeza ulikuwa wa mwanafunzi; idhini ilikuwa yangu.

Siku ya maadhimisho yule mama alialikwa, akakaa safu ya tatu. Video ilipokwisha watu walipiga makofi. Nje, penye viti na soda, alinifuata akanisalimu vizuri, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, na yale ya Jumanne?"

Nikamjibu: "Muda haukutosha, mama."

Usiku ule nilifungua rasimu ya kwanza nikapima. Sentensi yake ilichukua sekunde tisa. Muziki wa kufungulia video yetu ulichukua 20.

Hoja ya wenye kazi, na jibu langu

Najua nitakayoambiwa. Video ya kujitangaza si tume ya uchunguzi. Anayelipa ana haki ya kusifiwa, na hakuna duka linaloandika mlangoni ubovu wa bidhaa zake. Hoja hii ina uzito, na wanaoifanya kazi hii kila siku kwa ajili ya kula hawastahili mahubiri yangu.

Lakini historia niliyoieleza inaonesha kwamba kujitangaza na kusema kweli vimewahi kukaa nyumba moja. Chama cha gesi kiliwaacha panya wa Stepney ndani ya filamu yake, na ndiyo maana filamu ile ingali inafundishwa karibu miaka tisini baadaye. Iliaminiwa kwa sababu haikusafishwa. Niongeze kwa haki kwamba panya wale hawakuwa wa chama cha gesi. Lawama iliwaangukia wenye nyumba. Ni rahisi kuiachia lawama inayomwangukia mwingine. Mtihani wetu ni mgumu zaidi: je, taasisi ya umma inaweza kuacha katika video yake sekunde tisa zinazoihusu yenyewe? Duka ni la mwenyewe. Bomba ni la kodi ya yule mama.

Na kwa mtumishi wa umma kuna jambo la manufaa tupu. Sekunde zile tisa zilikuwa taarifa. Zilitaja siku ambazo maji hutoka, na barua mbili zilizokwama mahali fulani. Taasisi iliyolipa gari, mafuta na posho ili kufika kijijini ilipelekewa habari hiyo bure, ikaikata.

Kwa wanafunzi wangu, na kwa wote watakaoitwa kufanya kazi kama hii kwa siku tisa, au tano, au mbili, nina mambo manne niliyojifunza kwa aibu. Kwanza, ukipewa orodha ya majibu, andika orodha ya maswali kabla ya kutoka ofisini, uisainishe kwa aliyekutuma. Pili, funga kila mahojiano kwa swali moja lisilo na jibu lililopangwa: ni jambo gani ambalo hatujakuuliza? Halichukui dakika mbili. Tatu, ndani ya ratiba, hata iwe fupi namna gani, tenga nusu siku ya kumrudishia kila mhojiwa kipande chake akione kabla ya wakubwa kukiona. Siku hizi simu inatosha. Muda mfupi hauzuii hili, kwa maana tuliupata muda wa kusawazisha rangi. Nne, usifute mabaki. Mwanahistoria wa mwaka 2075 hatahitaji dakika zetu sita. Atahitaji zile saa tano.

Saa tano hizo zimo kwenye diski ndani ya mtoto wa meza yangu. Nimeiandikia taasisi kuomba zihifadhiwe maktaba, kwa ridhaa ya waliohojiwa. Nimeambiwa ombi linafanyiwa kazi.

Mwezi uliopita nilirudi kijijini na wale wanafunzi wawili. Nilimwomba radhi yule mama, nikamwonesha kwenye simu jibu lake zima, pamoja na Jumanne na Ijumaa. Alilitazama mara mbili. Nilitarajia angenisamehe au angenilaumu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinirudishia simu akasema: "Basi hiyo ndiyo muwapelekee."

Nimeipeleka, pamoja na nakala za zile barua mbili za kamati. Hadi naandika makala hii, maji bado ni Jumanne na Ijumaa.